Miaka mitatu na Lexus RX 450h jijini Dar: mafuta, foleni, vumbi na ile betri kubwa inayowatisha watu

#1 · Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za muda huu.

Kila ukiibuka mjadala wa magari ya haibridi, yaani yanayotumia petroli na umeme pamoja, naona majibu ni yaleyale mawili. Kuna wanaosema usiguse kabisa, betri ikifa umeuza shamba. Na kuna wanaosema nunua haraka, gari haili mafuta. Nikiwauliza kwa upole, wengi wao hawajawahi kulala nayo nyumbani hata wiki moja. Mimi ninayo. Ni Lexus RX 450h ya 2010, niliitoa bandarini mwenyewe, na huu ni mwaka wa tatu naamka nayo kila siku kutoka Goba kwenda Posta. Wikiendi inabeba familia, na mara mbili kwa mwaka inatupeleka Iringa kwa wazazi. Nitaandika ninayoyajua kwa kuishi nayo, mazuri na machungu.

Kabla ya hapo nilikuwa na Harrier ya cc 2400, ile tunayoiita Tako la Nyani. Hizi gari mbili ni damu moja, zote za Toyota. RX ya kwanza ilipotoka Japani mwaka 1997 iliuzwa kule kwa jina la Harrier, na ikaendelea hivyo hadi 2009, RX ya kizazi cha tatu ilipoingia sokoni kwao kwa jina la Lexus. Kwa hiyo ukitoka kwenye Harrier ya zamani ukaingia kwenye RX, mikono haipotei.

Bei ya kule haikunitisha. Kodi ndiyo ilinikata maini: ushuru wa forodha 25%, VAT 18%, ushuru wa bidhaa unaopanda kadiri injini inavyokuwa kubwa (hii ni cc 3456), halafu juu yake nyongeza ya uchakavu kwa gari iliyopita miaka 8. Piga hesabu hiyo kabla hujapenda picha.

Sasa inavyofanya kazi, kwa lugha ya barabarani. Mbele kuna injini ya V6 ya petroli. Pamoja nayo kuna mota mbili za umeme: moja inawasha injini na kuzalisha umeme, nyingine inasukuma magurudumu ya mbele. Kama ni ya miguu yote minne, kuna mota ya tatu nyuma inayosukuma magurudumu ya nyuma peke yake, bila shafti ndefu ya propela kupita chini ya gari. Betri kubwa iko chini ya siti ya nyuma. Ukikanyaga breki, mota hugeuka jenereta, na ule mwendo ambao gari nyingine inaupoteza kwa joto la diski unarudi kwenye betri. Hakuna mahali pa kuichomeka ukutani. Inajichaji yenyewe.

Asubuhi nikibonyeza kitufe cha kuwasha, mara nyingi hakuna mlio. Taa ya READY inawaka, basi, gari iko tayari. Injini huja baadaye kidogo kujipasha moto. Nikiteremka Makongo kuelekea Mwenge, injini inazima na betri inapanda. Pale Mwenge foleni ikikaza, gari inasogea kwa umeme, inasimama, inasogea, na kiyoyozi kinaendelea kupuliza kama kawaida, maana kompresa yake inaendeshwa na umeme wa betri kubwa, haitegemei injini. Mtu aliyekaa Ali Hassan Mwinyi Road saa moja na nusu za asubuhi mwezi wa pili, jua likichoma kioo, ananielewa.

Mafuta: kwenye mzunguko huo wa kama kilomita 50 kwa siku, Harrier yangu ilikuwa inanipa kilomita 6 na nusu kwa lita. RX inanipa 10, siku mbaya 9. Kwa mwezi wa kilomita 1,200 ni lita 120 badala ya 185. Nimeandika kwenye daftari kila nilipojaza, tangu siku ya kwanza. Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wadhibiti wa mafuta, wakitangaza bei mpya, zile lita 65 za tofauti ndizo ninazozipigia hesabu.

Ila sikilizeni hili, kwa sababu wengi wanadanganywa: njia kuu tofauti inapungua sana. Ukienda 100 mfululizo, injini ndiyo inayobeba mzigo na umeme unasaidia tu. Huko mimi napata 11 hadi 12, na Harrier ilikuwa inanipa karibu 10. Kama kazi yako ni kutoka Singida kwenda Tabora kila wiki, haibridi haitakulipa. Utajiri wake uko kwenye foleni.

Nitarudi kuelezea betri, najua ndilo swali.

#2 · Mdau wa Dodoma

Mkuu, asante kwa uzi. Niende moja kwa moja. Jirani yangu alikuwa na haibridi, ikawasha taa, fundi akamtajia bei ya betri, akaifunika turubai. Iko pale nyumbani kwake mwaka wa pili, kuku wanatagia chini yake. Wewe yako ina miaka zaidi ya kumi. Hulali na wasiwasi?

#3 · Mwanzisha uzi

Kaka wa Dodoma, nililala nao wasiwasi wiki mbili nzima, na ndiyo sababu hasa ya kuanzisha uzi huu.

Mwezi wa kumi na nne tangu niichukue, nikiwa narudi nyumbani jioni, kioo cha dashibodi kikaandika niangalie mfumo wa haibridi, na pembetatu nyekundu ikawaka. Gari ikapungua nguvu lakini ikanifikisha. Kesho yake nikaipeleka kwenye gereji moja yenye sifa nzuri mjini. Wakachomeka mashine, dakika tano, jibu likatoka: betri imekufa, badilisha nzima. Bei waliyonitajia ningenunulia kiwanja kizuri tu Bagamoyo. Nikauliza ni kifurushi gani cha seli ndani ya betri kimekufa, kina volti ngapi. Hawakuwa na jibu. Mashine yao ilikuwa inasoma kompyuta ya injini tu. Ile ya haibridi hawakuifikia.

Nikaomba gari yangu nikaondoka. Nikatafuta fundi mwingine, kijana anayeshughulika na haibridi tupu. Yeye aliingia kwanza kwenye kompyuta ya betri, akanionyesha joto la betri na volti za kila sehemu kwenye skrini, akaniambia tuendeshe wote. Tukazunguka hadi Kawe. Volti zikawa zinakwenda pamoja, hakuna iliyobaki nyuma. Lakini joto likawa linapanda halishuki, na msimbo wa hitilafu uliohifadhiwa ulikuwa P0A82, wa feni ya kupoza betri. Tuliporudi akafungua siti ya nyuma.

Wakuu, nilichokiona pale sijakisahau. Betri hii inapumua hewa ya ndani ya gari. Hewa inaingia kupitia matundu yaliyo chini ya siti ya nyuma, kwenye miguu ya abiria, inavutwa na feni, inapita katikati ya seli, inatoka. Mimi nakaa Goba, mita 800 za mwisho kufika kwangu ni vumbi jekundu. Vioo tunashusha, watoto wanapanda na mchanga wa uwanjani. Yale mapezi ya feni yalikuwa yamevaa koti la vumbi lenye nywele na nyuzi za zulia, zito kama godoro kuukuu. Na mbele ya tundu moja kulikuwa na begi la shule la mwanangu ambalo lilikuwa limekaa pale, nadhani, muhula mzima.

Fundi akatoa feni, akazisafisha kwa brashi laini na hewa, akapuliza njia zote, akarudisha, akafuta msimbo. Joto likashuka mbele ya macho yangu. Nililipa gharama ambayo haifiki bei ya tairi moja la gari hii. Tangu siku hiyo taa haijarudi, na sasa ni zaidi ya mwaka na nusu.

Sisemi betri haifi. Inakufa, kama kila kitu. Ninachosema ni kwamba gari nyingi hapa mjini zimehukumiwa kifo kwa kosa la vumbi. Jirani yako, kabla hajauza kwa bei ya chuma chakavu, mwambie atafute fundi mwenye mashine inayosoma kila sehemu ya betri. Ila ukweli mwingine ni kwamba kukaa turubai miaka miwili kunaweza kuwa kumeiua kweli. Hizi betri hazipendi kulazwa.

#4 · Fundi umeme wa magari, Ilala

Nimefurahi kuona mwenye gari anaongea hivi, maana wengi wanatuletea gari ikiwa imeshapita mikono mitano.

Niongeze kidogo kwa faida ya wote. Betri ya RX 450h ya kizazi hicho ni ya nikeli, volti 288. Ndani kuna seli ndogo 240 zilizopangwa kwenye vifurushi 30, kila kifurushi volti 9.6. Joto ndilo adui nambari moja, na vifurushi vya katikati huwa ndivyo vinavyoumia kwanza kwa sababu hewa inawafikia kwa shida. Kikichoka kimoja, kompyuta inaona kinabaki nyuma ya wenzake, ndipo unapopata P0A80, ambayo maana yake ni badilisha betri. Hata hapo, pima kwanza kabla ya kulia.

Kuna wanaobadilisha kifurushi kimoja kilichokufa wakaweka kilichotolewa kwenye gari ya ajali. Gari inawaka, mteja anashukuru, miezi mitano anarudi. Ni sawa na kumfunga ng'ombe aliyechoka nira moja na maksai mwenye nguvu, plau halitakwenda sawa. Ukilazimika kufanya hivyo, vifurushi vyote vichajiwe na kupimwa uwezo wake mmoja mmoja, halafu vinavyofanana vipangwe pamoja. Hiyo ni kazi ya siku kadhaa, na fundi anayekuambia njoo jioni uchukue hajaifanya.

Na usalama, jamani. Nyaya za rangi ya chungwa mnazoziona chini ya boneti na chini ya gari ni za umeme mkubwa. Siyo wa kuchezea. Kabla ya kufungua betri unazima gari, ufunguo unaweka mbali, unatenganisha betri ndogo, unachomoa plagi ya usalama ukiwa na glavu za mpira za umeme, kisha unasubiri dakika 10 umeme uliobaki kwenye inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uweze kuendesha mota, uishe. Nimeshamwona kijana anafungua kwa spana na kandambili. Nilimtoa pale kwa nguvu.

Jambo la pili ambalo wenye gari hawalijui: inveta ina maji yake ya kupoza, tangi lake dogo na pampu yake ya umeme, mbali na redieta ya injini. Watu wanaangalia tangi la injini tu. Pampu ile ikifa inveta inachemka, na bei ya inveta usiombe. Maji yake ni yale ya pinki ya Toyota, usijaze ya bomba.

#5 · Mdau wa Kimara

Swali la haraka kwenu wawili. Kwenye foleni mimi huwa naweka N (nyutro) ili mguu upumzike. Rafiki yangu mwenye haibridi anasema nikiazima gari yake nisithubutu. Kuna ukweli?

#6 · Fundi umeme wa magari, Ilala

Rafiki yako yuko sahihi. Ukiwa N, betri kubwa haichajiwi hata injini ikiwa inanguruma, huku kiyoyozi na taa vinaendelea kuinywa. Kaa kwenye D ukishika breki, au P kama mmesimama kabisa. Kitabu cha gari kinasema hivyo, sijatunga.

#7 · Mdau wa Nairobi

Salamu kutoka Nairobi. Mimi nina RX 450h pia, niliinunua hapa hapa kwa mtu maana kwetu gari ikizidi miaka minane haiingii tena nchini, kwa hivyo hizi za 2010 zilizopo ndizo hizo tu zinazozunguka kati yetu.

Huyo fundi amenikumbusha machungu. Yangu ilipelekwa kwa makanika fulani kufanyiwa sevisi ya kawaida nikiwa kazini. Kijana akaona tangi la inveta limepungua, akajaza maji ya mfereji. Hakuniambia. Miezi michache baadaye tukielekea Nakuru, karibu na Naivasha gari ikapoteza nguvu ikazima. Watoto nyuma, giza linaingia.

Kilichoniokoa ni kwamba nilikuwa nimesoma kitabu. Lori la kuvuta lilipofika walitaka kuifunga kamba waiburute. Nikawakatalia kabisa. Gari hii magurudumu yakizunguka chini, mota zinazunguka nazo na kuzalisha umeme, unaweza kuchoma kila kitu. Tukangoja muda wa karibu saa mbili tukapata lori la kubeba mgongoni. Mume wangu alidhani nina kiburi, lakini fundi wa Nairobi alipoifungua alisema ilikuwa ni pampu tu na mfumo umejaa kutu laini. Tukasafisha, tukaweka pampu mpya na maji yanayofaa. Inveta ilikuwa mzima.

Kwa hivyo dada zangu na kaka zangu, wekeni namba ya lori la kubeba mgongoni kwa simu kabla shida haijafika.

#8 · Mwanzisha uzi

Dada wa Nairobi, pole sana, na ahsante. Hilo la kamba niliweke kwa herufi kubwa hata mimi: HAIVUTWI KWA KAMBA.

Niendelee na maisha ya kila siku, maana haibridi siyo betri tu.

Betri ndogo. Hii ndiyo iliyowahi kuniacha kweli, siyo ile kubwa. Gari haina stata ya kuwashia wala oltaneta ya kuchajia kama za kawaida, lakini kompyuta zote zinaamshwa na betri ya volti 12. Ikilegea, betri kubwa inaweza kuwa imejaa hadi juu na gari isiwake. Dashibodi inacheza taa kama mti wa Krismasi, fundi asiyejua anaanza kutaja inveta. Mimi ilinitokea baada ya kusafiri wiki tatu nikaiacha imefungwa. Betri ndogo mpya, ikawaka. Sasa nikisafiri, mke wangu anaiwasha kila baada ya siku nne, anaiacha READY nusu saa.

Ukimya. Tulisifia sana mwanzoni. Kisha siku moja natoka getini kwa umeme, mtoto wa jirani anacheza mgongo kanigeuzia, hakusikia chochote. Nilisimama nikiwa mita moja. Tangu hapo getini na kwenye vichochoro vya Goba nateremsha kioo na kupiga honi fupi kila mara, hata kama hakuna mtu ninayemwona. Nawaomba wote wenye gari za aina hii mfanye hivyo. Mtaa wetu umezoea kukwepa gari kwa sikio.

Redio na skrini. Gari imetoka Japani, FM ya redio yake inaanzia 76 na kuishia 90, kwa hiyo stesheni nyingi za Dar huzipati mpaka ufunge kifaa cha kushusha mawimbi. Skrini ni Kijapani kitupu. Kile kidude cha kuchezesha kama panya wa kompyuta, pale kati ya siti, nilikizoea kwa kukariri mahali vitufe vilipo. Nilikuwa na mpango wa kubadilisha skrini nzima, nikakataa baada ya kuona mtu kabadilisha akapoteza kamera ya nyuma na baadhi ya mipangilio ya kiyoyozi.

Breki. Padi za mbele nimebadilisha mara moja tu, kwa sababu umeme ndio unaofanya kazi kubwa ya kupunguza mwendo. Ukifungua mlango asubuhi utasikia mlio kama wa pampu, usikimbie gereji, ni mfumo wa breki unajiandaa. Lakini kwa sisi wa pwani, diski zisizotumika sana hupata kutu, kwa hiyo mara mojamoja nazikanyaga kwa nguvu mahali penye nafasi.

Oili ya injini ni 0W-20. Ukiambiwa "weka tu hii nzito, hali ya hewa yetu ni joto", kataa. Injini hii inazima na kuwaka mara mia kwa siku na inahitaji oili inayofika juu haraka.

Matairi ni 235/60 R18. Hapa hakuna unafuu, gari ina tani mbili na ushee na inayala. Vioo vya pembeni viandikwe namba na vifungwe rivet mapema, kwa sababu vikiibiwa usiku ndipo utakapojua maana halisi ya neno Lexus.

Na msiingize gari hii kwenye maji. Najua ukikaa juu unajiona uko kwenye Land Cruiser. Mvua za masika bonde la Jangwani likifunga kwa mafuriko mimi nageuza, hata kama mbele yangu Noah imepita. Betri iko chini ya siti, siyo juu ya paa.

#9 · Mdau wa Iringa

Kaka, umetaja Iringa. Mlima Kitonga inaupandaje? Na kushuka? Nina mzee wangu anataka kuchukua gari kama hiyo, naogopa breki.

#10 · Mwanzisha uzi

Kamwene, ndugu yangu. Kupanda Kitonga ni raha tupu. Injini na mota kwa pamoja zinatoa nguvu za farasi karibu 300, ukipata nafasi salama ya kulipita lori unalipita bila gari kulalamika. Betri itashuka ukiwa unapanda, usihofu, injini ipo.

Kushuka ndiko kunakotaka akili. Mwanzo mteremko unajaza betri, unaona mistari inapanda, moyo unafurahi. Kabla hujafika chini betri imejaa, haina pa kuweka umeme zaidi, na ile breki ya umeme inapungua. Mara ya kwanza nilishtuka, injini ilianza kuunguruma kwa nguvu wakati sijakanyaga mafuta. Ndiyo njia yake ya kusaidia kushikilia gari. Sasa nikifika juu kabisa nasogeza gia kwenye S, nashusha hatua, nateremka taratibu nyuma ya malori bila haraka. Breki zinabaki baridi. Mzee mwelekeze hilo siku ya kwanza kabisa.

Kutoka Goba hadi Iringa, karibu kilomita 500, natumia lita 43 au 44 kwenye tangi la lita 65. Kinachonisaidia ni vibao vya 50 vijijini na lile eneo la Mikumi ambapo sote tunatambaa. Kwenye mwendo huo injini inazima mara kwa mara. Mwaka jana tulisimama katikati ya hifadhi tukiwapisha tembo, familia nzima kimya, gari kimya, tukasikia matawi yakivunjika. Mke wangu alinishika mkono. Hiyo haimo kwenye daftari langu la mafuta lakini naihesabu.

Ruaha Mbuyuni tunanunua vitunguu, na hapo ninawaambia watoto: gunia nyuma kabisa, siyo miguuni kwenu, msizibe matundu.

#11 · Mdau wa Mwanza

Mkuu, nimesoma mwanzo hadi hapa bila kupumua. Kuna moja inauzwa huku kwa mkono wa pili, 2011, muuzaji anasema betri "imebadilishwa juzi". Nikaangalie nini? Naogopa kuingizwa mjini.

#12 · Mwanzisha uzi

Hilo neno "imebadilishwa juzi" ndilo la kuanza nalo. Muulize imebadilishwa nzima au vifurushi, na nani, na risiti iko wapi. Mara nyingi ni yale ya ng'ombe na maksai aliyoyasema fundi.

Fika asubuhi, gari ikiwa baridi, mwambie asiiwashe kabla yako. Ukiwa nayo barabarani tazama picha ya betri kwenye dashibodi. Betri yenye afya hupanda na kushuka polepole. Ukiona imejaa, dakika mbili imeisha, dakika tatu imejaa tena, hiyo imechoka, uwezo wake umebaki kiduchu. Washa kiyoyozi hadi mwisho, simama kwenye foleni au kivulini dakika ishirini, sikiliza nyuma. Feni ikipiga kelele kama kiyoyozi cha ofisi wakati hujaenda hata mbali, aidha kuna joto au kuna vumbi. Inama na tochi uangalie matundu chini ya siti. Angalia tangi la inveta, rangi iwe pinki safi. Piga magoti uone kama kuna dalili za maji kupita juu ya zulia, harufu ya ukungu haifichiki.

Na hili usilikwepe hata muuzaji akikasirika: peleka mashine inayosoma kompyuta ya haibridi, muendeshe nayo, umeme ukivutwa na ukirudi. Volti za sehemu zote zitembee pamoja. Moja ikiwa inaanguka peke yake kila ukikanyaga, ondoka au teremsha bei kwa thamani ya betri nzima.

#13 · Fundi umeme wa magari, Ilala

Naunga mkono. Mwanza kuna vijana wawili watatu wenye mashine za kueleweka, ulizia kwa wenye Prius za teksi, wao ndio wanaowajua.

#14 · Mwanzisha uzi

Mrejesho mfupi. Jumamosi nimefungua siti ya nyuma mwenyewe, sasa nafanya kila miezi sita, kazi ya saa moja na nusu ukiwa na brashi, kifyonza vumbi na subira. Plagi ya usalama wala nyaya za chungwa sigusi, naishia kwenye feni na njia za hewa. Nimekuta vumbi kiasi, maganda ya karanga na penseli mbili. Kijana wangu wa darasa la tano ndiye aliyeshika tochi. Tumemfundisha mahali pa kuweka begi, na amewafundisha wadogo zake.

Mdau wa Mwanza, kesho ukienda kuiona hiyo gari, piga picha skrini ya mashine mkiwa mnapanda mlima wowote hapo karibu, uiweke hapa kabla hujatoa hata shilingi. Mimi na fundi tutaiangalia.